Jiwe Lisiloimbwa

Médard alikuwa na miaka hamsini na minane, na katika miaka hiyo yote alikuwa ametoka Kisangani mara mbili tu, zote mbili kwenda kuzika Basoko. Basi siku Chimène alipofika kwake, kule wanakokaa wavuvi wa maporomoko, akavua viatu kwa sababu ya matope na kusema kwamba ratiba ya China imetoka, Médard hakuinua kichwa. Alikuwa anafunga mdomo wa mtego. Alivuta kamba mpaka fundo likashika, akalijaribu kwa kidole gumba, ndipo akauliza kama wao wamo.

"Mumo, papa. Kati ya opera na teatre."

"Kati?"

"Opera inamaliza, munaingia, kisha teatre inaanza."

Médard akachukua kamba nyingine.

Chimène alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini, na barua zote za kikundi zilipitia mikononi mwake. Kikundi chenyewe kilikuwa na watu kumi, wavuvi na watoto wa wavuvi, ambao waliimba wimbo wa makasia kwenye sherehe za mji, wageni walipokuja kutazama maporomoko, na maaskofu walipopokewa. Mwaka uliotangulia mmoja wao, Rolly, dereva wa pikipiki ya abiria, alikuwa ameweka mtandaoni video yao ya dakika chache. Video ile ilipita simu kwa simu mpaka ikamfikia mwanamke mmoja katika mji wa Wuhan aliyejiita Madame Lin. Alifanya kazi katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, na Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka. Aliandika kwamba mji wake umekatwa katikati na mto, na kwamba watu wa huko wangependa kuwasikia watu wa mto mwingine. Ndege na malazi vingekuwa juu ya ukumbi. Kikundi kingeimba dakika kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja.

Jumapili, baada ya misa, Chimène aliwasomea ratiba nzima wakiwa wameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kulikuwa na opera ya jenerali aliyemuua farasi wake kwa hasira, kisha akamlilia. Kulikuwa na ngoma ya wanawake thelathini wenye nguo za hariri, mikono ya nguo ikiwa mirefu kuliko wao. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa ndugu watatu, wauza tambi, wanaogombea nyumba ya baba yao na baba bado yu hai.

"Hii ya nyumba ni ya hapa kwetu," Rolly alisema. "Wametuibia."

"Na huyu wa farasi, analia muda gani?" mwingine aliuliza.

"Saa mbili," Chimène alisema. "Analia akiimba. Na uso wake umepakwa rangi. Mwenye uso mwekundu ni mtu mwaminifu, mwenye uso mweupe ni wa hila. Watu wakimuona tu, wanajua."

"Alors kule hakuna kesi," alisema mmoja wa wapiga makasia. "Benoît wangemupaka unga asubuhi na mapema."

Watu walicheka. Kisha wakamtazama Médard, na kicheko kikaisha.

Benoît alikuwa mume wa Berthe, dada mdogo wa Médard. Kwa lugha ya mtaani alikuwa bokilo wake, shemeji ambaye mtu humheshimu hata akimchoka. Nyumba zao zilikaa umbali wa kuitana. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa hawajaitana.

Ugomvi wao ulikuwa wa nguzo. Kwenye maporomoko yale kila mkondo una ukoo wake, na kila ukoo husimamisha nguzo zake katikati ya maji na kutundika humo mitego mikubwa ya kusuka. Mwaka ule mafuriko yalikuwa yameng'oa nguzo za Benoît. Alipozisimamisha upya, Médard alisema moja imesogea kwa urefu wa mkono. Benoît alisema haijasogea. Wazee wakaja na kamba, wakapima, na hawakuweza kuafikiana, kwa kuwa mto ulikuwa umechukua alama zote za zamani. Msimu mzima mitego ya Médard ilitoka na majani na povu.

Médard hakumtukana bokilo wake, na wala hakumshtaki popote. Alifanya jambo moja tu. Aliacha kuliimba jiwe la Benoît.

Wimbo wa makasia ni orodha ya mawe. Yule anayesimama mbele ya mtumbwi huyataja moja baada ya jingine kwa mpangilio wa maji, kila jiwe na jina la mtu wa kwanza aliyelifahamu, na upande ambao mtumbwi unapaswa kupita. Kitanda cha Bolamba, shika kulia. Meno ya Osumaka, pita katikati, kaza. Wengine hujibu kwa sauti moja huku makasia yakipiga. Wageni husikia wimbo. Wapiga makasia husikia njia. Na katika mkondo wa Benoît kulikuwa na jiwe lililoitwa Kiti cha Lifongo. Lifongo alikuwa babu wa babu yake Benoît. Wakati wa maji machache jiwe hilo huonekana, na ndege hukaa juu yake. Maji yakipanda hulifunika kiasi cha kiganja, na hapo juu yake mto hupita laini kama mafuta ya mawese kwenye sahani.

Wimbo ulipofika hapo, Médard alifunga mdomo. Makasia yalipiga mara nne bila sauti ya mtu, kisha akaendelea na jiwe lililofuata. Waliokuwa wakubwa walielewa, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye ugomvi wao wenyewe. Waliojifunza wimbo baadaye waliukuta hivyo na kudhani ni mapambo. Waliyapenda yale mapigo manne kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo watazamaji walipoacha kuzungumza.

Wiki iliyofuata Chimène alirudi na daftari. Madame Lin alikuwa ameomba maneno ya wimbo. Juu ya jukwaa la ukumbi wao kulikuwa na ubao wa taa, na maneno yangetokea hapo kwa Kichina wakati wimbo ukiimbwa. Médard aliimba polepole, akisimama kila mstari, naye Chimène akiandika. Wazazi wake walitoka Maniema, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Mawe ya mto huo aliyajua kwa mbali tu, kutoka ukingoni.

"Hapa, papa," alisema. "Makasia yanapiga mara nne na hakuna neno. Niandike nini?"

"Andika kimya."

"Kimya tu?"

"Si ndiyo unayosikia?"

Akaandika kimya, na kando yake mara nne. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Madame Lin alisema kwamba hapo ndipo pazuri zaidi katika wimbo mzima. Fundi wao wa taa angezima jukwaa lote kwa mapigo yale manne, watu wasione chochote, wasikie makasia peke yake gizani. Chimène alimsomea Médard ujumbe ule mara mbili. Médard alifurahi. Ila ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kisichokaa sawa, kama mwiba mdogo wa samaki uliopita kooni bila kuchoma vizuri.

Ukumbi uliomba kitu kimoja zaidi: filamu fupi ya kikundi kikiimba majini, ya kuonyeshwa mlangoni kabla ya msimu kuanza. Ilitakiwa ifike kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bila filamu, nafasi yao kati ya opera na mchezo wa kuigiza ingepewa kikundi kingine. Rolly alipanga waifanye Alhamisi. Siku hiyo Médard alikuwa na zamu yake kwenye ofisi ya pasipoti, na zamu ya pasipoti haikataliwi.

"Nendeni tu," alisema. "Trésor atasimama mbele."

Trésor alikuwa mwanawe wa mwisho, mwenye miaka ishirini na sita na sauti inayobeba mbali. Wimbo aliujua tangu udogoni.

Ofisini Médard aliambiwa akae wima, afunge mdomo, asitabasamu. Alipigwa picha. Kisha akaweka vidole juu ya kioo kimoja kimoja, na yule kijana wa mashine akalalamika kwamba vidole vya wavuvi havina mistari, kamba zimeifuta. Ilibidi arudie mara nne. Alikuwa bado anafuta mikono kwenye suruali pale alipoona Chimène anaingia mlangoni bila kusalimu mtu, simu mkononi, viatu vimelowa.

Mambo yalikuwa hivi. Mvua zilikuwa zimenyesha juu huko na mto ulikuwa umepanda. Rolly alichagua mkondo wa Benoît, kwa kuwa ulikuwa mpana na nguzo zake zilijipanga vizuri nyuma ya mtumbwi kwenye picha. Kwenye mkondo wa mtu, kuvua ndiko kunakoombewa ruhusa, kupita hakuombewi. Tena karibu wote waliokuwa kwenye makasia siku ile walikuwa watu wa pikipiki, wa vibarua, wa chuo. Mto waliujua kwa wimbo. Chimène alisimama ukingoni na simu. Trésor alitaja Kitanda cha Bolamba, wakashika kulia. Akataja Meno ya Osumaka, wakapita katikati. Kisha akanyamaza kama baba yake anavyonyamaza, na makasia yakapiga moja, mbili, na katika pigo la tatu mtumbwi ukasimama ghafla juu ya maji laini, ukapasuka kuanzia mdomoni mpaka kiti cha pili, na watu tisa wakawa mtoni.

Watu wa Benoît waliokuwa juu ya nguzo walitupa kamba. Walitoka wote. Trésor, aliyekuwa amesimama mbele, alivunjika mfupa wa bega. Aliyemvuta majini kwa ukosi wa shati alikuwa Benoît.

Hospitalini Trésor alikuwa amelala chali, mkono umefungwa kifuani. Mama yake, Micheline, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda na bado alikuwa na kitambaa cha sokoni kiunoni.

"Papa," Trésor alisema, "niliimba vile unaimbaka."

"Ninajua."

"Kulikuwa jiwe pale."

"Ninajua."

Trésor alimgeukia, akasahau bega, likamkumbusha. Alingoja maumivu yapungue. "Unajua?"

"Anajua," Micheline alisema. "Mimi pia ninajua. Batu wote wa zamani wanajua."

"Sasa mbona wimbo haulisemi?"

Micheline alianza kukunja shuka ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Muulize baba yako."

Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alikuwa anaomba maji. Médard alimpa yule mzee maji, akarudi, akasimama pale pale.

"Linaitwa Kiti cha Lifongo," alisema. "Unapita kushoto."

Rolly alikuja nyumbani kwa Médard siku ya pili. Magoti yalikuwa yamechubuka, na usemi wake ulikuwa tayari. Mtumbwi hauwezi kupona kabla ya Ijumaa nyingine. Lakini katika simu yake alikuwa na filamu ya zamani, ya mwaka jana, wakiimba ukingoni, picha safi, na kimya kimo.

"Tuwatumie hii, tonton. Kimya njo wanakitaka. Wameshapanga na taa zao."

"Hapana."

"Tonton, unisikilize. Kule China hakuna jiwe. Nani atagonga nini? Ni jukwaa, ni mbao. Tukirudi, bon, unatufundisha jiwe taratibu."

"Mutafanya mazoezi ya kimya mpaka mwezi wa kumi na moja. Mutaimba kimya mbele ya Wachina, watapiga makofi. Halafu murudi, munifuate niwafundishe kitu ambacho hakipigiwi makofi." Médard alikuwa anakata fito, na hakuacha. "Wewe utakuja?"

Rolly alifikiri kwa dhati. "Mimi nitakuja," alisema. "Wengine sijui."

"Na mimi nikiwa nimekufa?"

"Ah, tonton. Tuko tunaongea mambo ya filamu."

"Ndiyo. Mambo ya filamu."

Rolly alikaa kidogo, akatazama simu yake, akasema basi nafasi ile itaenda, na kwamba mtu wa kuwaambia wenzake awe Médard mwenyewe, maana yeye, Rolly, ameshaagana na abiria wake wote. Akaondoka akichechemea.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki, na Médard aliijua tangu hospitalini. Alikuwa akiizunguka tu. Kwa desturi yao jina la jiwe likitolewa kwenye wimbo kwa makusudi, aliyelitoa haruhusiwi kulirudisha peke yake kana kwamba alilisahau. Lazima aende kwa mwenye jiwe, alitamke ombi lake, na mara ya kwanza litakapoimbwa tena mwenye jiwe awe ndani ya mtumbwi, pale pale juu ya maji yake. Ndiyo sababu watu hawakuwa wakiyatoa majina ovyo. Kulitoa jina kulikuwa rahisi, ni kufunga mdomo. Kulirudisha kulimtaka mtu atembee hadi mlangoni kwa mwenzake, watu wakimwona.

Alitembea Jumanne alasiri. Ni hatua mia na kidogo. Wanawake waliokuwa wanaanika samaki walisalimu, kisha wakaacha kazi wamtazame anakokwenda.

Berthe alikuwa anaponda ndizi za lituma. Alimwona kaka yake, akaendelea kuponda mara mbili tatu kama mtu anayetaka kuhakikisha, kisha akaweka mchi.

"Yaya," alisema, kama dada anavyomwita kaka mkubwa. Akaingia ndani kuleta kiti.

Benoît alikuwa kibarazani, anasuka. Hakusimama, lakini alisogeza fito zake ili kiti kipate mahali.

"Bega la mutoto?" aliuliza.

"Litashika. Wiki sita."

"Bon."

Wakatazama mto. Mtu angepita pale angedhani wamezoea kukaa hivyo.

"Miaka kumi na mmoja nakusikia," Benoît alisema. "Mwanzoni nilichukia sana. Kisha nikazoea. Nikasema, bon, huyu ananikasirikia mimi kwa mdomo, lakini watoto atawafundisha pembeni."

"Sikuwafundisha."

"Niliona Alhamisi."

Médard alipangusa magoti, ambayo hayakuwa na vumbi. "Nguzo yako uliisogeza."

"Sikuisogeza." Benoît alivuta fito, ikapita, akavuta nyingine. "Alama hazikuwepo. Niliisimamisha pale ambapo mikono ilifika. Maji yalikuwa yananivuta."

"Urefu wa mkono."

"Urefu wa mkono, labda. Mimi sijui, na wewe hujui, na wazee waliokuja na kamba wamekufa wote watatu. Kwa hiyo umekuja kwa sababu ya nguzo?"

"Hapana."

"Umekuja kwa nini?"

Mchi haukuwa ukisikika. Berthe alikuwa amesimama na mikono iliyojaa ndizi, anatazama sufuria.

"Nimekuja kuomba jina la jiwe lako," Médard alisema. "Nililitoa mimi. Nataka kulirudisha."

Benoît alimaliza mstari aliokuwa anausuka. Ni mstari mrefu, unazunguka mtego mzima.

"Mtumbwi wenu umepasuka," alisema.

"Umepasuka."

"Tutachukua wangu. Na mimi nitakaa wapi? Kwa kiti cha Trésor?"

"Trésor alisimama mbele. Mbele nitasimama mimi. Wewe utakaa nyuma yangu."

"Ili nikuone mgongo." Benoît alicheka kwa pua. "Na huko China ninaenda pia?"

"Hapana. Majina yameshapelekwa."

"Afadhali."

"Huyu hata kwa pikipiki anafunga macho," Berthe alisema, akachukua mchi. "Kaka, utakula hapa au utaenda kula kwako?"

Alikula pale.

Walitoka Alhamisi saa nne asubuhi. Mto ulikuwa umepanda tena kidogo. Chimène alisimama ukingoni mahali pale pale, na Rolly, magoti yakiwa na bandeji, alishika kasia bila maneno mengi. Kabla ya kusukuma mtumbwi Médard alilitamka ombi lake tena kwa sauti, mbele ya wote, kama desturi inavyotaka. Benoît akajibu kwamba amesikia. Wakaingia.

Kitanda cha Bolamba. Meno ya Osumaka. Maji yakawa laini. Médard alifungua mdomo na kuimba Kiti cha Lifongo, shika kushoto, na sauti ilitoka vizuri, kamili, yenye mapigo yake manne. Lakini nyuma yake Benoît alikuwa tayari ameshatia kasia ndani na kuuegemea mto kwa uzito wake wote. Mtumbwi ulipita ukikwaruza. Kitu kigumu kilitembea chini ya miguu yao kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, kila mmoja akikisikia kwa zamu yake.

"Umechelewa," Benoît alisema.

"Nimeliimba mahali pake."

"Umeliimba juu yake. Uliimbe mbele yake, ili hawa wapate kugeuka."

Hilo Médard alikuwa amelijua tangu alipofundishwa wimbo. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameliimba jiwe lile kichwani tu, kila mara, neno kwa neno, ndani ya mapigo manne ya kimya. Na kichwani hakuna maji. Jiwe la kichwani linamngoja mtu popote alipo.

Wakavuta mtumbwi kwa kamba kando ya ukingo, wakarudi juu. Mara ya pili aliliimba mapema mno. Makasia yakageuka kabla ya wakati, mtumbwi ukaelekea kwenye nguzo za Benoît, na watu wa juu ya nguzo wakaanza kuwatania.

"Papa Médard, unatafuta ule urefu wa mkono?"

"Munyamaze huko juu," Benoît alisema, lakini alikuwa anacheka, na Rolly pia, na mwishowe Médard akapangusa uso kwa kiwiko ili asionekane akicheka.

Mara ya tatu hakutazama maji. Alisikiliza makasia, akahesabu tangu Meno ya Osumaka kama alivyofundishwa akiwa mdogo, na kwenye pigo la tano aliliita jina. Wale vijana nyuma yake hawakuona chochote mbele yao isipokuwa mto mtupu. Waligeuka kushoto kwa sababu wimbo ulisema kushoto. Mtumbwi ukapita na chini ya miguu hakukuwa na kitu.

Chimène alishusha simu. Alikuwa ameipata yote.

Jioni ile alifuta neno kimya kwenye daftari lake, akaandika mstari mpya, akautafsiri, akautuma pamoja na filamu. Aliongeza maelezo mafupi kwamba mstari huu ulikuwa umekosekana kwa miaka kadhaa na sasa umerudi. Ijumaa ilipita bila jibu. Jumamosi, Jumapili. Kwenye ratiba ya ukumbi, ambayo Chimène aliifungua mara nyingi kuliko alivyokubali, mstari wao kati ya opera ya farasi na mchezo wa wauza tambi uliwekwa alama ya kungojea.

Jibu lilikuja Jumatatu, na Chimène alilibeba mwenyewe mpaka maporomoko. Alimkuta Médard juu ya mwamba anatoa samaki kwenye mtego, Trésor ameketi kando na mkono wake kifuani, akimwambia wapi pa kushika.

Madame Lin aliwapongeza kwa filamu. Alisema mkurugenzi wa ukumbi alikuwa ameupenda sana ule mzimiko wa taa, na kwamba bila huo, wimbo haungeingia tena vizuri baada ya opera. Aliuliza, kama njia ya katikati, kama jina la jiwe lingeweza kuandikwa tu kwenye ubao, na waimbaji wakae kimya kama zamani.

"Unasemaje, papa?" Chimène aliuliza. "Maana wanasema pia: kama hapana, hawatawafukuza. Lakini mutaimba mwanzoni kabisa, kabla ya opera. Milango ikiwa wazi. Taa zikiwaka, watu wakitafuta viti."

Médard alitoa samaki wa mwisho, akamtupa kwenye kikapu.

"Watu watakuwa wanapita pita?"

"Watakuwa wanapita."

"Kama hapa," Trésor alisema.

Médard aliosha mikono. Alichukua muda, kwa sababu alikuwa amelitaka lile giza. Alikuwa amelala nalo wiki nyingi, ukumbi mzima wa watu kimya na makasia yake peke yake. "Waambie tunaimba milango ikiwa wazi," alisema. "Jina linaimbwa."

Chimène aliandika kwa vidole viwili, ameinamia simu ili kivuli chake kizuie jua. Alipomaliza hakuondoka. Kulikuwa na swali jingine chini ya ujumbe, la yule mtu wa kutafsiri kwa Kichina. Alitaka kujua Kiti cha Lifongo ni nini hasa, mungu, au mfalme, au mahali patakatifu, ili achague neno linalofaa.

"Nimwambie nini?"

"Ni jiwe," Médard alisema.

"Hiyo tu?"

"Mwambie ni jiwe la bokilo wangu. Mutu anapita kushoto yake."